Nani alimfundisha mlembe kuujua mluzi?

Katika vilima vya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, Mhadzabe anayetaka asali hahitaji kukagua kila mbuyu. Anapiga mluzi. Mlembe aliye jirani akiusikia huja, hutua tawini na kuanza kupiga kelele kama anayemwita mtu kwa haraka. Kisha hurukia mti wa pili, wa tatu, mtu akimfuata, mpaka wafike penye nyuki. Mtu hufukiza moshi, hupasua shina kwa shoka na kurina asali. Ndege hungojea nta, kwani ni miongoni mwa viumbe wachache wenye uti wa mgongo wanaoweza kula nta ikawajenga.

Kusini zaidi, katika Hifadhi ya Niassa huko Msumbiji, Wayao nao hurina asali kwa msaada wa ndege yuleyule, ila hawampigii mluzi. Wao hutoa sauti ya kukoroma inayomalizikia kwa mguno, kitu kama “brrr-hm”, waliyojifunza kwa baba zao. Mwishoni mwa mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha katika jarida la Science majibu ya jaribio rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Walipeleka sauti za pande zote mbili katika kila eneo wakatazama ndege wataitikia ipi. Kule Kidero uwezekano wa milembe kuja kwa mluzi wa Kihadzabe ulizidi mara 3 ule wa kuja kwa sauti ya Kiyao. Kule Niassa mambo yakageuka: sauti ya Kiyao iliitikiwa karibu mara 2 zaidi ya mluzi. Spishi ni moja, lahaja mbili.

Jibu la haraka ni kwamba kinda hujifunza kwa mama yake. Hapo ndipo swali linapokaza, kwa sababu mlembe halei. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, kama keremkerem na hudihudi, halafu huenda zake. Kinda lake huanguliwa likiwa na ndoano kali kwenye ncha ya mdomo, na kwa ndoano hizo huwaua makinda ya mwenye nyumba gizani, hata kabla macho yake hayajafunguka. Hukua likilishwa na keremkerem, ambaye hana habari na nta wala na binadamu. Basi likishatoka kiotoni linajuaje kwamba mluzi fulani maana yake ni asali, na kwamba sauti nyingine ni ya mpita njia tu?

Maswali ya namna hii ndiyo yanayosomwa katika kozi za tabia za wanyama vyuoni, na watu wengi hawalijui hilo. Mwambie mzazi kwamba mwanawe anasomea tabia za wanyama, naye atadhani kijana anakariri majina ya swala ili aje kuongoza watalii. Kuongoza watalii ni kazi ya heshima, lakini kozi hii inafundisha jambo jingine. Inafundisha kuuliza swali linaloweza kujibika, na kulinda jibu lisipotoshwe na matamanio ya muulizaji.

Mwaka 1963 Niko Tinbergen, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Oxford, aliandika makala ambayo hakuna mwanafunzi wa fani hii anayeikwepa. Alionyesha kwamba mtu anapouliza “kwa nini mnyama huyu anafanya hivi?” ameuliza maswali manne kwa mkupuo. Nini kinachomchochea sasa hivi, ndani ya mwili na nje yake? Tabia hiyo imejengekaje tangu alipozaliwa? Inamsaidiaje kuishi na kuzaa? Na ilizukaje katika historia ndefu ya ukoo wake? Miaka 10 baadaye Tinbergen alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, yule aliyefumbua ngoma ya nyuki.

Wiki ya kwanza wanafunzi huyaona maswali hayo mepesi. Ugumu huja pale wanapotakiwa kuyatenganisha. Mlembe huja kwa sababu amesikia mluzi. Huja kwa sababu atapata nta. Huja kwa sababu kuna jambo alijifunza akiwa mchanga. Huja kwa sababu mababu zake waliokuja waliacha vizazi vingi kuliko waliokaa. Majibu yote manne yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja, wala hakuna linalolifuta jingine. Ubishi mwingi wa vijiweni kuhusu wanyama, ukiusikiliza vizuri, ni wa watu wawili wanaojibu maswali mawili tofauti. Na wenye shahada za uzamivu nao hubishana hivyohivyo.

Habari za mlembe ni za zamani. Mwaka 1588 mmisionari Mreno João dos Santos, akiwa Sofala, aliandika juu ya ndege aliyeingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na akaeleza jinsi ndege huyo anavyowaongoza watu kwenye asali. Karne nne zikapita, hadithi zikasimuliwa na wasafiri, na wataalamu wengine wakatilia shaka kwamba kweli kuna mawasiliano hapo. Aliyekuja kuliweka jambo hilo kwenye mizani ni Mkenya, Hussein Isack, Mborana aliyekuwa mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 akachapisha matokeo katika Science pamoja na Heinz-Ulrich Reyer.

Waborana walikuwa wakidai mambo matatu: kwamba wakimtazama ndege anavyoruka na kumsikiliza anavyolia wanajua mzinga uko upande gani, uko mbali kiasi gani, na lini wamefika. Isack aliyachukua madai hayo kama yalivyo, akatafuta namna ya kuyapima. Muda ambao ndege hutoweka mara ya kwanza, umbali anaoruka kabla ya kutua tena, kimo cha tawi analotua: vyote vilipimwa vikalinganishwa na mahali nyuki walipo. Madai yakasimama. Katika maeneo wasiyoyazoea, warinaji wasio na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Waliomfuata mlembe walitumia saa 3.2. Ndege naye alikuwa na faida yake, maana asilimia 96 ya viota vya nyuki asingeweza kuvifikia bila mtu mwenye moto na zana.

Ningekuwa mhadhiri ningeanza muhula kwa makala hiyo kabla ya kitabu chochote. Ndani yake mwanafunzi anaona njia ya kutoka kwenye maneno ya wazee hadi kwenye jedwali la data, njia isiyowadharau wazee wala kuwaamini bila kupima. Wazee walikuwa na nadharia tete. Walichokosa ni mtu wao aliyekwenda kusoma akarudi na saa na dira.

Tena ushirika wa mtu na mlembe una mgogoro ndani yake, na wanafunzi hupenda kusahau. Wood na wenzake, katika utafiti juu ya Wahadzabe uliochapishwa mwaka 2014, waliona kwamba mlembe huongeza kasi ya kupata viota vya nyuki kwa asilimia 560. Ungetarajia ndege alipwe vizuri. Kumbe Wahadzabe mara nyingi huyachoma masega yaliyobaki, huyafukia au kuyaficha, kwa hoja kwamba ndege akishiba hataongoza tena leo. Wayao wao humwekea nta yake juu ya majani. Jamii mbili, sera mbili za mishahara, mfanyakazi mmoja. Je, ndege wa Kidero wanaongoza kwa bidii zaidi kwa kuwa wana njaa, au wanaelekea kuvunjika moyo? Swali hilo linajibika, na halihitaji maabara ya mabilioni.

Likishapatikana swali linakuja suala la kutazama, na hapa ndipo wengi huanguka. Jicho la binadamu linapenda ugomvi. Mkalishe mwanafunzi mbele ya kundi la nyani kwa saa moja umwambie aandike anachoona. Atakuletea daftari lililojaa kufukuzana, kung'atana na kupandana, halafu atahitimisha kwamba nyani ni wakorofi. Nyani 20 waliokuwa wakichuma nyasi kimya hawamo daftarini. Jeanne Altmann, Mmarekani ambaye kazi yake imejengwa juu ya nyani wa Amboseli nchini Kenya, aliliona tatizo hilo akaliandikia makala mwaka 1974 katika jarida la Behaviour. Dawa yake inachosha kweli: chagua mnyama mmoja kwa utaratibu uliopangwa kabla, mfuate kwa dakika zilizopangwa kabla, andika kila anachofanya, hata kama ni kusinzia. Muda ukiisha, hamia kwa mwingine, hata kama wa kwanza ndiyo kwanza anaanza kupigana.

Ukiikataa dawa hiyo, hupati majibu ya maana. Nyani wa Amboseli wamefuatiliwa mfululizo tangu mwaka 1971, mmoja mmoja, toka kuzaliwa hadi kufa. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti waliweza kuonyesha kwamba nyani jike aliyepatwa na misukosuko mitatu au zaidi utotoni, kama vile ukame, kufiwa na mama au kuzaliwa katika kundi lililosongamana, alikufa takriban miaka 10 mapema kuliko aliyepatwa na mmoja tu au asiyepatwa kabisa. Matokeo hayo yana la kuwafunza hata madaktari wa binadamu. Nyani hawana kodi ya nyumba, hawavuti sigara, hawana bima ya afya. Athari za utotoni zinaonekana bila vurugu hizo za maisha yetu.

Siku hizi vifaa vinasaidia. Mwaka 2012, huko Mpala katika kaunti ya Laikipia, nyani wengi wa kundi moja walivishwa kola za GPS zilizorekodi mahali walipo kila sekunde. Ilibainika kwamba madume wakubwa hawafuatwi zaidi ya wengine: kundi huenda wanakoelekea wengi, na waanzilishi wawili wakitofautiana kidogo tu katika mwelekeo, wafuasi hupita katikati. Wanasiasa wetu wangepata la kusoma hapo.

Kifaa kinachozungumzwa zaidi kwa sasa ni akili mnemba, na mfano wake bora umetoka kwa tembo wa Samburu na Amboseli. Michael Pardo na wenzake, katika makala ya mwaka 2024, waliipa kompyuta miungurumo 469 ya tembo ambayo ilijulikana nani amemlilia nani, wakaitaka ikisie mlengwa kwa kusikia muungurumo peke yake. Ilipatia asilimia 27.5. Ilipofunzwa kwa data zisizo na maana ilipatia asilimia 8 tu. Kisha tembo 17 walichezewa sauti zilizorekodiwa, na waliitikia kwa haraka na kwa nguvu zaidi sauti zilizokuwa zimewalenga wao kuliko zilizomlenga mwingine. Sisi wa magazeti tukakimbilia kichwa cha habari: tembo wana majina.

Mwanafunzi mzuri hasimami hapo. Asilimia 27.5 ni zaidi sana ya kubahatisha, lakini maana yake pia ni kwamba kompyuta ilikosea karibu mara tatu katika kila nne. Inawezekana miungurumo mingi haina jina lolote, kama vile wewe usivyomtaja mkeo kwa jina katika kila sentensi. Watafiti wenyewe hawakuweza kukata muungurumo na kusema kipande hiki ndicho jina. Wala haijathibitika vya kutosha kwamba tembo wawili wanaomwita wa tatu hutumia jina lilelile. Kama kila mmoja anamwita kwa namna yake, basi tunazungumzia jambo tofauti kabisa. Hapo kuna uzamivu wa mtu, labda wa watu watatu.

Hata maswali yaliyodhaniwa yamefungwa hufunguliwa upya. Amboseli hiyohiyo ndiko Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walikoonyesha, mwaka 1980, kwamba tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Ukiwachezea wa kwanza hukimbilia mitini, wa pili hutazama juu, wa tatu hutazama chini. Vitabu vikaandika kwamba tumbili wana maneno. Kisha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, kundi la watafiti likarusha droni juu ya tumbili wa jamii nyingine nchini Senegal, kitu wasichopata kukiona. Walitoa mlio wa tahadhari uliofanana sana na mlio wa tai wa tumbili wa Afrika Mashariki, ndugu ambao ukoo wao uliachana nao zamani mno. Baadaye walipochezewa sauti ya droni walitazama angani. Inaelekea basi mlio ni wa kurithi, ila maana ya sauti wanazozisikia hujifunza upesi, hata kwa mara moja. Lile “neno” likawa gumu zaidi kulieleza.

Msomaji ameona jambo moja linalojirudia: Eyasi, Amboseli, Samburu, Laikipia. Mahali ni petu, wanyama ni wetu, majina ya waandishi wa makala mengi si yetu. Sisemi hili kwa uchungu wa kuwakatalia wageni. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 bila shahada ya kwanza, na alichokiona huko, sokwe akivua mchwa kwa kijiti, kilibadilisha fasili ya binadamu. Alipofariki Oktoba 2025 Watanzania walimlilia kama wa kwao. Lakini tusimulie habari ya Gombe kwa ukamilifu. Januari 7, 1974 aliyeshuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimshambulia sokwe aliyeitwa Godi hadi kumuumiza vibaya, shambulio lililofungua kile kilichokuja kuitwa vita vya miaka minne, alikuwa Mtanzania, Hilali Matama. Mei 1975 waasi kutoka Zaire walivuka Ziwa Tanganyika usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni, na wageni wakalazimika kuondoka. Rekodi hazikukatika. Wafanyakazi Watanzania waliendelea kwenda msituni kila siku na daftari zao, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu vita vile imetoka kwenye mikono yao.

Kwa hiyo macho tunayo, na tumekuwa nayo zaidi ya nusu karne. Kilichopungua ni watu wetu wanaochagua nini kitazamwe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kinafundisha usimamizi wa wanyamapori, na chuo cha wanyamapori cha Mweka kimekuwepo tangu 1963. Wahitimu wengi wa vyuo hivyo huingia kwenye uhifadhi na utalii, kwa sababu ndiko kwenye ajira. Swali la mlembe halina mshahara ulioandikwa juu yake.

Ila faida huja kwa njia ambazo hazikutarajiwa. Madai ya wenyeji wa Kenya kwamba tembo huepuka miti yenye nyuki yalipimwa na watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lucy King akaendeleza kwa kuwachezea tembo wa Samburu sauti za nyuki waliochokozwa, nao wakakimbia. Kutoka hapo zikazaliwa fensi za mizinga zinazolinda mashamba, huku mkulima akiuza asali. Pale Morogoro, katika kampasi ya Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa hapo, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu ya ushujaa na taasisi ya Uingereza ya PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia. Kumfunza panya hivyo ni elimu ya tabia za wanyama tupu: umlipe lini, umlipe nini, na utajuaje kwamba ananusa baruti wala hasomi uso wa mfunzaji.

Kwa mwanafunzi asiye na fedha za kwenda mbugani, pana uwanja mlangoni. Utaratibu wa nani anamdonoa nani miongoni mwa kuku uligunduliwa na Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwatazama kuku akiwa mtoto na kuandika juu yao mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kuku tunao. Pwani tunao pia kunguru wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kujaa Dar es Salaam na Mombasa mpaka serikali zikawatangazia vita. Huko Marekani, kunguru wa spishi nyingine walithibitika kukumbuka kwa miaka sura ya mtu aliyewakamata. Je, hawa wetu wanawajua watega mitego kwa sura? Wanawafundisha makinda wao? Jibu lingeokoa fedha za halmashauri, na vifaa vyake ni barakoa, daftari na uvumilivu wa kukaa dampo asubuhi.

Kwa anayetaka kwenda mbugani kutafiti wanyamapori wa Tanzania, njia inapita Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), na ni ya karatasi nyingi. Wasimamizi wa tasnifu wawaambie wanafunzi mapema, si wiki mbili kabla ya kwenda uwandani.

Ombi langu kwa wakuu wa idara ni dogo. Kila tasnifu ya tabia za wanyama iwe na kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, zipelekwe kwenye ofisi ya kijiji ambako data zilichukuliwa na zisomwe mkutanoni. Mrinaji au mchungaji aliyeonyesha njia ana haki ya kujua nini kilipatikana, na akiona mtafiti amekosea, apewe nafasi ya kusema hivyo kabla makala haijaenda kuchapishwa.